Wasomaji Wauliza: Siku Tano au Nane Kilimanjaro?

Desemba inakaribia, na barua nyingi tulizopata ni za watu wa Dar wanaotaka kufika kilele cha Uhuru tarehe 9, kama alivyofanya Luteni Alexander Nyirenda mwaka 1961 alipopandisha mwenge na bendera kule juu. Tumejibu zile zilizoulizwa na wengi.

*Kampuni moja inanishauri njia ya Marangu, siku tano. Wanasema ndiyo rahisi, kuna vitanda, na bei ni nafuu. Nyingine inasema Lemosho, siku nane. Sehemu ya juu kabisa niliyowahi kulala ni Lushoto. Hizo siku tatu za ziada si biashara tu?*
Msomaji, Tabata Segerea

Si biashara tu, ndugu yetu. Sahau kwanza hilo neno "rahisi", chukua kalamu, andika kila usiku utalala kwenye mita ngapi. Marangu ya siku tano inakwenda hivi: Mandara mita 2,700 na kitu, Horombo 3,720, Kibo takriban 4,700, halafu usiku huohuo, kwenye saa tano au saa sita, unaamshwa kuelekea 5,895. Madaktari wanaoshughulika na magonjwa ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usizidi wa jana kwa zaidi ya mita 500. Mandara hadi Horombo ni mita elfu moja, na Horombo hadi Kibo elfu nyingine. Njia yenyewe ni laini kweli, ndiyo maana wameipachika jina la Coca-Cola, lakini kinachowarudisha watu si ugumu wa njia, ni hewa. Kileleni kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Coco Beach, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hali hiyo. Ukiwa mkimbiaji wa marathoni hauzoei haraka zaidi. Vijana wenye nguvu ndio mara nyingi wanaokwenda mbio na kuangushwa na maumivu ya kichwa.

Lemosho inapanda kwa hatua ndogo. Unalala Mti Mkubwa msituni, kisha usiku mbili kwenye uwanda wa Shira, na siku ya nne unapelekwa hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi. Unakula mchana pale, kichwa kikigonga kidogo, kisha unashuka kulala Bonde la Barranco, mita 3,900 na ushee. Panda juu, lala chini: mwili umeonjeshwa hewa nyembamba bila kulazimishwa kulala nayo. Machame nayo inapita hapohapo.

Bonde lenyewe usilipite umeinamisha kichwa. Pale ndipo penye misenesio mingi kuliko unavyotarajia: mashina yenye unene wa kukumbatia, juu yake kama kabichi kubwa. Majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti, na usiku ile "kabichi" inajifunga kulinda kichipukizi kisigande. Asubuhi yake unakutana na Ukuta wa Barranco, kama mita 250 za mwamba. Kamba haihitajiki ila mikono itahitajika, kwa hiyo fimbo za kutembelea zifunge kwenye begi kabla hujaanza. Mpagazi akija nyuma yako, mpishe ukiwa umeegemea upande wa mwamba, kamwe si upande wa bonde, maana mzigo wake ukikugusa ni wewe utakayepepesuka. Foleni huwa kubwa baada ya chai. Ukichelewa kidogo hupotezi kitu.

Kama mfuko hauruhusu siku nane, chagua Machame ya siku saba. Ile ya siku sita inaruka kambi ya Karanga: unatoka Barranco hadi kambi ya Barafu kwa siku moja, unafika jioni umechoka, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Na kama moyo wako uko Marangu, basi iwe siku sita, usiku mbili ukilala Horombo. Siku hiyo ya katikati usiimalize kitandani. Panda hadi miamba ya Pundamilia kwenye mita 4,000 hivi, kisha urudi.

Jambo jingine: kampuni ikikutajia siku, wewe uliza usiku. Siku ya mwisho ni ya kushuka tu, haikusaidii kuzoea hewa. Na bei ikiwa ya kutupa, uliza wapagazi ni wangapi na wanalipwaje. Kila mmoja haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa getini.

*Nimeona buti za mlimani Karume, mitumba, kama mpya kabisa. Ninunue?*
Msomaji wa kike, Kigamboni

Huo "upya" ndio wa kuogopa, dada. Buti nyingi za aina hiyo zina tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli ya chini na ngozi. Povu hilo linaharibiwa na unyevunyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Kiatu kilichokaa miaka kumi kwenye stoo huko Ulaya kinaonekana kimetoka dukani, kisha siku ya pili mlimani soli inabanduka yote, na povu linamwagika kama makombo ya keki.

Pima hivi. Bonyeza povu kwa ukucha wa gumba, kwa nguvu. Likirudi kama mpira, vizuri. Alama ikibaki au ukiona nyufa nyembamba, rudisha kiatu mezani. Kikunje mbele pale vidole vinapokunjikia, uangalie kama mshono wa soli unafunguka mdomo. Kisha chunguza kwa ndani kwenye kisigino: kitambaa kikiwa kimetoboka, kitakutoboa na wewe.

Ukishanunua, kivae wiki tatu ukipanda na kushuka ngazi kabla ya safari. Fundi wa gundi wa mtaani anaweza kurudisha soli iliyobanduka, lakini povu lililooza hakuna gundi inayolishika. Kuhusu saizi: vaa soksi nene, sukuma mguu hadi vidole viguse mbele, na kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino. Kiatu kinachobana ukipima kitakung'oa kucha wakati wa kushuka.

Ukiwa hapohapo Karume, sweta za sufu na jaketi za flisi zipo tele na hazina mtego huo. Soma lebo tu. Pamba iache, jinzi hasa: ikishalowa jasho haikauki, na kwenye baridi ya nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri inakunyonya joto.

*Dar ni tambarare. Tufanyie mazoezi wapi?*
Kikundi cha wafanyakazi, Posta

Ngazi za ofisini kwenu zinatosha kuanzia. Ghorofa moja ni kama mita tatu kwenda juu. Ghorofa kumi mara kumi ni mita 300. Beba begi lenye chupa nne za maji za lita moja na nusu, hizo ni kilo sita, na zaidi ya hapo wapagazi ndio watakaokubebea. Kosa la wengi ni kupanda kwa ngazi na kushuka kwa lifti. Siku ya kilele utashuka kutoka 5,895 hadi kambi ya Mweka, karibu mita 2,800 kwa siku moja, na mapaja ambayo hayajazoea kushuka yatatetemeka hata ukiwa umesimama. Magoti yakilalamika kwenye ngazi za ofisini, msiyanyamazishe kwa vidonge, punguzeni uzito wa begi.

Baada ya mwezi, pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, muingie Uluguru kupitia Morningside. Mkipata siku mbili, nendeni Mang'ula, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, mkapande hadi maporomoko ya Sanje, mita 170. Huko njia ni ya msituni na ina utelezi, kwa hiyo mtajua mapema nani kaja na viatu vya kuuzia sura. Ila jueni kwamba sehemu zote hizo zinajenga miguu na mapafu tu. Mwinuko wake ni mdogo mno kuwazoesha hewa ya Kibo.

*Diamox ni lazima?*
Msomaji, Mbezi

Si lazima, na dawa hii ya kukinga ugonjwa wa mwinuko haichukui nafasi ya siku za kutosha. Kwa kukinga, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo. Jaribu kidonge ukiwa nyumbani: vidole vitawashawasha, utakojoa mara nyingi, na soda itapoteza ladha. Bora uyajue hayo Mbezi kuliko kushtuka ukiwa Shira.

Kinachookoa maisha ni kusema ukweli kwa kiongozi wako. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula, pumzika hapohapo ulipo, usipande. Ukishindwa kutembea kwenye mstari mnyoofu kisigino kikigusa vidole, au ukihema ukiwa umekaa na kukohoa maji yenye povu, shuka wakati huohuo, hata kama ni saa nane usiku.

*Maji na simu vinaganda kweli?*
Msomaji, Ubungo

Kweli. Mrija wa begi la maji ndio unaoanza kuziba, kwa sababu ni mwembamba na uko nje. Beba chupa ngumu, kwani za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na uiweke kichwa chini ndani ya soksi: barafu inaanzia juu, kwa hiyo mfuniko utabaki kwenye maji. Simu izime, uiweke mfuko wa ndani karibu na ngozi, uitoe ukifika kwenye kibao cha Uhuru.