Makubazi, Lipa namba na duka la mtandaoni: nijenge wapi?

Swali

Habari za kazi, kaka. Ninashona na kuuza makubazi ya ngozi hapa Ngamiani, Tanga. Nina mitindo 12, saizi 36 hadi 45, rangi tatu. Pea moja ni shilingi 45,000, na kwa wiki napata oda kama 15 kupitia Instagram na WhatsApp. Wateja wengi wako Dar, wachache Arusha na Dodoma, na ndugu zetu walioko Muscat, Oman, nao huagiza. Nimechoka kujibu "bei?" na "40 nyeusi ipo?" mpaka usiku wa manane, na mwezi uliopita niliuza pea moja kwa watu wawili, wote wakiwa wameshalipa. Rafiki yangu ananiambia nifungue Shopify. Fundi wa tovuti hapa mjini anataka milioni 2.8 aniandikie mfumo wangu mwenyewe kuanzia mwanzo. Mpwa wangu anasema WooCommerce ni bure. Nimsikilize nani? Mimi si mtu wa kompyuta, mpwa anajua kiasi.

Jibu

Pole kwa hiyo pea, dada. Nakuanzia hapo hapo, kwa sababu ndiyo sehemu ya barua yako inayonieleza unahitaji nini. Mitindo 12 mara saizi 10 mara rangi tatu ni aina 360 za mzigo. Hakuna kichwa kinachobeba hesabu hiyo huku mkono mmoja umeshika sindano na mwingine simu. Katalogi ya WhatsApp Business itakuonyeshea picha na bei, na inapokea bidhaa hadi 500, lakini haijui kwamba 40 nyeusi imebaki moja. Unachotafuta ni kitu kinachohesabu. Na nikwambie ukweli ambao mafundi wenzangu hawataupenda: jedwali moja la kawaida kwenye simu, mpwa akiliweka sawa kila jioni, lingekuepusha na aibu ile bila tovuti yoyote. Lianzisheni wiki hii, maana hesabu hiyo hiyo ndiyo mtakayoipakia dukani baadaye.

Sasa rafiki yako na Shopify. Ni mfumo mzuri wa duka la mtandaoni la kukodi, na sisemi hivyo kwa heshima tu. Ulizaliwa Ottawa, Kanada, mwaka 2006, mikononi mwa watu waliokuwa wanauza mbao za kutelezea kwenye theluji na hawakupata programu ya duka iliyowaridhisha. Yaani wauzaji kama wewe. Unalipa kila mwezi, wao wanabeba seva (kompyuta zinazohifadhi duka), ulinzi na masasisho, wewe unapakia picha. Mtu asiye na fundi hulala usingizi.

Kinachonizuia ni njia ya pesa. Shopify ina huduma yake ya kupokea malipo, na huduma hiyo haifanyi kazi Tanzania. Kwa hiyo lazima uunganishe kampuni ya malipo ya nje, na ukishafanya hivyo Shopify wanakata asilimia 2 ya kila mauzo yaliyopita huko kwenye kifurushi cha Basic, juu ya makato ya kampuni yenyewe. Tupige hesabu kwa mauzo yako. Oda 60 kwa mwezi mara 45,000 ni shilingi 2,700,000. Asilimia 2 yake ni 54,000. Kifurushi hicho bei yake ya Marekani ni dola 39 ukilipa mwezi kwa mwezi. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,600 ni 101,400. Jumla 155,400, kama pea tatu na nusu za makubazi kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake, na kabla mtu wa basi hajapewa chake. Kweli, ukipokea malipo kwa mkono, mteja akakutumia kwenye Lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea pesa za simu, nje ya mfumo, hiyo asilimia 2 haikatwi. Lakini hapo utakuwa unalipa laki kwa mwezi ili kufanya kitu ambacho WhatsApp inakifanya bure.

Kwa fundi wa milioni 2.8 nitakuwa mfupi. Hapana. Kikapu, hesabu ya saizi, oda, kuponi, barua pepe za uthibitisho, hivyo vyote vimeshaandikwa na kujaribiwa na maelfu ya watu. Mfumo ulioandikwa na mtu mmoja unaeleweka na mtu mmoja, na siku akipata ajira Dodoma utabaki na duka ambalo hakuna mwingine anayetaka kuligusa.

Anabaki mpwa, na mpwa yuko sahihi kwa nusu. WooCommerce ni plagini, yaani programu ya nyongeza, ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti; ilitoka mwaka 2011, na tangu 2015 iko chini ya kampuni ya Automattic. Programu yenyewe hulipii. Unalipia domeni, yaani jina la tovuti, ambayo ya .co.tz kwa kawaida haifiki elfu hamsini kwa mwaka, na hostingi, yaani nafasi ya kukaa kwenye seva. Kwa duka la ukubwa wako bajeti ya laki mbili hadi tatu kwa mwaka kwa vyote viwili inatosha kuanzia. Malipo ya tatu hayaandikwi kwenye ankara yoyote: muda wa mpwa. Nitayarudia.

Ningekujengea mimi, ningekwenda kwa WooCommerce, na ningeanza bila kampuni yoyote ya malipo. Najua inasikika ajabu, nifuate kidogo. Kila mtindo utaingizwa kama bidhaa moja yenye aina ndani yake: saizi 10 mara rangi tatu, aina 30, kila moja na idadi yake. Mteja akichagua 40 nyeusi na imeisha, kitufe hakimruhusu. Maswali yako ya usiku wa manane, nusu yake yanaishia hapo. Kwenye malipo, WooCommerce inakuja na njia ya uhamisho wa benki ambayo haiunganishwi na benki yoyote. Ni maandishi tu unayoweza kuyabadilisha. Ibadilishe jina iwe "Lipa kwa Lipa namba", andika namba yako, jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, na sentensi moja: "Ukishalipa, tutumie namba ya oda WhatsApp." Oda inaingia katika hali ya kusubiri, na papo hapo pea inatolewa kwenye hesabu ya mzigo. Watu wawili hawawezi tena kuinunua pea moja.

Mambo mawili kuhusu hatua hiyo. Kwanza, oda inayosubiri hivyo haijifuti yenyewe. Mtu akijaza halafu akapotea, ameishikilia pea yako. Jiwekee sheria, kwa mfano saa 24, kisha mpwa anaifuta na mzigo unarudi kwenye hesabu. Pili, usithibitishe malipo kwa skrinishoti. Wala kwa meseji iliyofowadiwa. Meseji ya malipo hughushiwa kwa dakika mbili, na matapeli wanapenda sana kulipa Ijumaa jioni wakati bodaboda ameshafika mlangoni. Fungua menyu yako ya pesa kwenye simu, angalia salio na miamala, ndipo ubadilishe hali ya oda.

Ukifika oda 30 au 40 kwa wiki, kuthibitisha kwa mkono kutakuchosha kama ulivyochoshwa na "bei?". Hapo ndipo uitafute kampuni ya kuunganisha malipo. Zipo kadhaa zinazofanya kazi nchini, Selcom, Pesapal, DPO na Flutterwave zikiwemo. Watakuomba nyaraka: usajili wa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA. Kama hujasajili biashara, anza sasa, usisubiri siku ya kuhitaji. Waulize maswali matatu na uwaambie wakujibu kwa maandishi. Makato ni asilimia ngapi kwa M-Pesa, Mixx by Yas na Airtel Money, na ngapi kwa kadi? Pesa inafika kwenye akaunti yangu baada ya siku ngapi? Plagini yenu ya WooCommerce ilisasishwa mara ya mwisho lini? Hilo la tatu mpwa anaweza kulihakiki mwenyewe. Plagini ya malipo ambayo haijaguswa kwa miaka miwili simwekei mteja wangu.

Halafu mjaribu kwa simu zenu kabla ya kutangaza. Wekeni bidhaa ya uongo ya shilingi 1,000. Nunua, na kile kidirisha cha namba ya siri kikitokea kwenye simu, ingiza. Nunua tena, safari hii ukatae. Mara ya tatu kiache mpaka kipotee. Kila mara angalieni oda imekuwa katika hali gani. Nakuambia hivi kwa sababu ya duka moja la nguo nililolitengeneza: kwa mpangilio wake wa kawaida WooCommerce hushikilia mzigo wa oda ya kampuni ya malipo ambayo haijalipwa (si ile ya Lipa namba ya mkono) kwa dakika 60, kisha huifuta. Mteja alikosa kidirisha, akala chakula chake cha mchana, akarudi akalipa kwa menyu ya simu baada ya saa moja na nusu. Pesa ikaingia, oda imeshafutwa, gauni limeshachukuliwa na mwingine. Ni tatizo lako lile lile, ila sasa limefanywa na mashine. Tuliongeza muda ukawa saa tatu, na tukaandika kwa herufi kubwa mteja afanye nini kidirisha kisipotokea.

Fomu ya oda nayo ipunguzeni bila huruma. Inavyokuja inaweza kuuliza kampuni, mstari wa pili wa anwani, postikodi. Operesheni ya Anwani za Makazi ilipita mwaka 2022, vibao vipo mitaani, lakini mteja wa Mbagala bado atakuelekeza kwa kituo cha daladala na duka la jirani. Acheni jina, namba ya simu, mkoa, na kisanduku kimoja kikubwa: "Tukufikishie wapi?" Gharama za kusafirisha mnazipanga kwa kanda. Tanga mjini bodaboda, Dar na mikoani kwa basi, bei moja ya kila kanda ionekane kabla ya kulipa. Mzigo ukishapandishwa, picha ya risiti ya basi inakwenda WhatsApp kwa mteja pamoja na namba ya gari.

Picha pia. Simu ya kisasa inapiga picha ya megabaiti 4. Mitindo 12 mara picha nne ni 48, karibu megabaiti 200 ukizipakia hivyo hivyo, na bando ni la mteja, si lako. Mpwa azipunguze kila moja iwe chini ya kilobaiti 200. Na mtindo mmoja mmoja upigwe ukiwa umevaliwa mguuni, soli ikionekana kwa ubavu, swali la "ni mazito?" linapungua.

Nirudi kwa mpwa. WordPress inataka kusasishwa, na plagini zilizoachwa ndiyo mlango wanaopitia wezi. Mpangieni siku: kila Jumatatu anachukua nakala rudufu na kuiweka mahali pasipo kwenye seva hiyo hiyo, kisha anasasisha, kisha ananunua kitu kimoja kwa majaribio. Mpe chochote kwa mwezi, hata 30,000, iwe kazi na isiwe fadhila. Akikuambia hawezi, basi baki na WhatsApp na lile jedwali mpaka upate anayeweza. Tovuti isiyo na mlezi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Na domeni iandikwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, nywila ukiwa nayo wewe. Nimeshakaa na mama mmoja aliyekuwa amejenga jina lake miaka minne, akakuta domeni imesajiliwa kwa jina la kijana aliyemtengenezea tovuti, na kijana hapokei simu. Tulianza upya na jina lingine.

WhatsApp usiifunge hata kidogo. Wateja wako watataka kuongea kabla ya kutoa pesa, na hilo halibadiliki. Ila sasa jibu lako ni linki ya mtindo wenyewe. Faida nyingine ya kuwa na mlango wako uliielewa ukiwa mtandaoni tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa takribani saa sita. Na ukisikia ushauri wa kuhamia kwenye soko kubwa la mtu mwingine, kumbuka Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Mwuzaji aliyekuwa na orodha ya wateja wake mwenyewe aliendelea. Orodha hiyo, lakini, ina sheria: majina na namba za watu unazozihifadhi zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Usiwagawie wenzako namba za wateja.

Kuhusu Muscat, wengi wa hao kwa uzoefu wangu wananunua kwa ajili ya mtu aliye nyumbani. Kwa hiyo fomu iwe na sehemu ya mpokeaji na simu yake, tofauti na anayelipa. Mpaka utakapounganisha kadi waendelee kutuma kama wanavyotuma sasa; ukishaunganisha, bei ibaki kwa shilingi na benki yao itabadilisha. Kusafirisha hadi Oman kwenyewe, usiifungue kanda hiyo dukani kabla hujakwenda Posta kuuliza bei ya EMS, huduma yao ya haraka, kwa uzito halisi. Na ukienda, pima pea ya saizi 45 ikiwa ndani ya boksi lake, si ile ya 36.