Ukitaka kuielewa injini, iname chini yake

Wewe unayeanza kazi karakana ya reli, najua swali linalokusumbua, maana nami nililiuliza: chuma cha tani karibu mia, magurudumu yamekazwa kwenye ekseli, kinakataje kona? Fundi mkuu wangu hakunijibu. Alinipa tochi akaniambia niiname.

Anza na hesabu. Kwenye reli ya upana wa mita moja, treni ikigeuka robo duara, gurudumu la nje husafiri zaidi ya mita moja na nusu kulishinda la ndani, kona iwe pana au kali. Na yamefungwa ekseli moja, hayawezi kupishana mwendo kama ya gari. Dawa imo kwenye umbo. Uso wa gurudumu haukunyooka kama ubavu wa kopo. Ni mnene upande wa ndani, unapungua kuelekea nje. Kwenye kona ekseli husogea kidogo, la nje likakanyagia unene, la ndani wembamba. Ule ukingo unaochomoza, ambao wageni wote hudhani ndio usukani, kazi yake hasa ni ulinzi. Kona ikizidi ukali, wembamba na unene havitoshi tena: ukingo unaegemea reli, chuma kinateleza kiubavu, nawe unasikia ule mlio wa kuumiza meno. Hapo ndipo grisi inapohitajika.

Urefu wa injini nao una dawa yake: magurudumu hugawanywa mafungu. Dizeli kubwa hukalia bogi mbili, yaani fremu za magurudumu zilizo chini yake, za ekseli tatu tatu, kila bogi ikigeuka kivyake. Lakini ukipata nafasi, nenda makumbusho ya reli Nairobi ukaitazame Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya zile injini za mvuke 34 aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa. Tani 252 hivi, magurudumu 28! Boila limening'inia katikati, halina gurudumu chini yake. Limeegemea fremu mbili zenye magurudumu na mitambo yake, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikizunguka kwenye egemeo lake. Tafuta maungio hayo, usipoteze muda kwa rangi.

Pointi, pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili, ndizo za kuogopa. Njia inageuka ghafla, mara nyingi bila reli ya nje kuinuliwa, na pale reli zinapokatana pana pengo. Ndiyo maana upande wa pili huwekwa reli fupi ya kulivuta gurudumu lisipotee njia.

Mimi niliwahi kuipitisha injini ambayo ukingo wake ulikuwa umelika, umechongoka. Jioni ile, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukingo uliingia kwenye upenyo kati ya ulimi wa pointi, ile reli iliyochongoka inayosogezwa kubadili njia, na reli kuu, injini ikashukia mataruma. Hakuna aliyeumia. Tulipiga jeki hadi alfajiri, na geji ya kupimia ukingo ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.