Je, Mvuvi Anaruhusiwa Kunywa Gongo kwa Ajili ya Baridi ya Ziwani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mwalo wa Igombe hapa Mwanza. Usiku ziwani baridi ni kali, na wenzangu hupitisha gongo mtumbwini. Nakunywa kidogo tu nipate joto, silewi. Je, kwa dharura hii inafaa? Na kidogo hivyo kinadhuru mwili kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu yangu. Allah akulinde katika kazi yako ya usiku.

Haifai. Na udhuru huu wa baridi aliletewa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Daylam al-Himyari, mtu wa Yemen, alimweleza kwamba wao wako nchi ya baridi, wanafanya kazi nzito, na hutengeneza kinywaji cha ngano kiwape nguvu na kuwakinga na baridi. Mtume akamuuliza: je, kinalevya? Akajibu: ndiyo. Akasema: basi kiepukeni. Hadithi hii ameipokea Abu Dawud. Baridi ilitajwa, kazi nzito ikatajwa, na hukumu haikubadilika. Ama kusema hulewi, Mtume amesema kinacholevya kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu.

Dharura nayo ina sharti: haramu huruhusiwa pale tu inapoondoa madhara kweli, na hakuna njia nyingine. Gongo haiondoi baridi. Pombe hutanua mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, damu yenye joto ikaja juu, ukahisi uso unawaka. Joto hilo ndilo linalokutoka! Upepo wa ziwa unalichukua, na ndani ya mwili unazidi kupoa. Pombe hudhoofisha hata kule kutetemeka ambako Allah amekujaalia kuwe kinga yako. Na mtumbwi ukipinduka usiku wa giza, mwenye pombe kichwani huchelewa kushika hata ubao wa kuelea.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa ziwa, nalo ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo wake hunasa kwenye ini na kuliachia makovu, na ugonjwa ukikomaa mtu huvimba tumbo na kutapika damu. Pombe hulishambulia ini hilohilo: hujaa mafuta, kisha huvimba, mwishowe husinyaa na kuwa gumu. Wewe unayeingia majini kila siku huenda ini lako limeshaumia bila wewe kuhisi, nawe unaliongezea. Isitoshe, gongo haipimwi na mtu yeyote. Ikiwa na methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, hupofusha na kuua.

Na kidogo? Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, kwa kuwa husababisha saratani, ikiwemo ya koo, ya ini, ya utumbo mpana na ya matiti. Sahaba Tariq bin Suwayd aliposema anatengeneza pombe kwa ajili ya dawa, Mtume alimjibu kuwa hiyo si dawa, bali ni ugonjwa. Ameipokea Muslim.

Basi vaa koti zito, ule ushibe kabla ya kutoka, ubebe chai ya tangawizi kwenye chupa. Swala usiache hata kidogo. Hadithi ya kutokubaliwa swala siku 40 kwa aliyekunywa, wanazuoni wameieleza kuwa anakosa thawabu, lakini faradhi iko palepale, na mlango wa toba uko wazi.

Ila kama umefika mahali asubuhi mikono inatetemeka usipokunywa, usikate ghafla ukiwa peke yako, maana unaweza kupata degedege. Nenda hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando, uwaeleze ukweli wote bila kuona haya, wakusimamie katika kuacha. Ukiwa hapohapo omba upimwe na kichocho, kwani dawa yake ipo na inatibu.

Wallahu a'lam.