Mkuu, usifute UnitPrice kwenye Order Details

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu fomu, printa ya risiti na kugeuza Northwind, ile hifadhidata ya mfano ya Access (programu ya Microsoft ya hifadhidata), iwe mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi. Katikati umeandika kwamba UnitPrice, safu ya bei ya kitu kimoja, ipo kwenye jedwali la bidhaa (Products) na ipo tena kwenye jedwali la mistari ya kila mauzo (Order Details), kwa hiyo utaifuta ya pili "ili bei isijirudie". Usiifute! Mimi niliifuta, nikailipia.

Hiyo si bei moja iliyoandikwa mara mbili. Ya Products ni bei ya leo. Ya Order Details ni bei aliyotozwa mteja siku ile. Chukua saruji. Machi umeuza mifuko 40 kwa 15,000, jumla 600,000. Juni bei inapanda, unaandika 17,000 kwenye Products. Ukiwa umeshafuta ile safu, risiti ya Machi ukiifungua inasoma 680,000. Access haitakuonya, kwa sababu kwake hakuna kilichoharibika. Mteja aliyekopa anakuja na karatasi yake, kompyuta inamdai 80,000 zaidi. Bakapu ya Machi itakurudishia bei ya Machi tu. Kama imebadilika mara sita, utakaa na mafungu ya risiti ukilinganisha moja moja.

Wanaoniudhi ni walimu wa video wanaosema jina la safu likionekana kwenye majedwali mawili basi usanifu ni mbovu. Kinachokatazwa ni kuandika jambo lile lile mara mbili, siyo majina kufanana! Aliyenifundisha aliifuta safu hii mbele ya wanafunzi na hakuwahi kuingiza bei mpya hata moja aone kinachotokea.

Itazame Northwind yenyewe: jedwali la oda (Orders) lina ShipAddress, anwani ya kupelekea mzigo, ingawa anwani ya mteja ipo kwenye jedwali la wateja (Customers). Mteja akihama, mzigo wa mwaka jana haukuhama naye. Kodi nayo ni hivyo hivyo. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021. Kiwango kikae kwenye kila mauzo.

Iache UnitPrice, aina yake Currency (fedha). Kwenye fomu ndogo ya mauzo, tukio la After Update la ProductID (namba ya bidhaa), yaani ukishachagua bidhaa, litumie DLookup, amri ya kutafuta thamani kwenye jedwali, kunakili bei kutoka Products. Amri hiyo usiiweke kwenye On Current, tukio la kila rekodi inapofunguliwa, maana kila ukipitia mauzo ya zamani bei itaandikwa upya. Jumla kwenye kwiri (query, swali linalokusanya data) ichukue bei ya Order Details. Ongeza hapo hapo safu ya bei ya kununulia, la sivyo faida itapotoka vile vile. Ufunguo msingi (utambulisho wa kila mstari) wa OrderID, namba ya oda, pamoja na ProductID hauruhusu saruji ile ile mistari miwili yenye bei tofauti, badala yake weka AutoNumber, namba ambayo Access huitoa yenyewe.

Kisha jaribu: ingiza mauzo, badilisha bei kwenye Products, fungua risiti upya. Jumla ikisogea hata senti, mfumo huo usiingie dukani.