Homa ya Ross Barnes

Mhariri, mmeuliza kama mchezaji aliyewika miaka michache tu anastahili kuingia ukumbi wa mashujaa. Anastahili. Shahidi wangu ni Ross Barnes, mlinzi wa kituo cha pili katika besiboli ya Marekani. Yeye na wenzake wa Boston walitwaa ubingwa mara nne mfululizo, 1872 hadi 1875. Mwaka 1876 alihamia Chicago, akafunga mikimbio (pointi za besiboli) 126 katika mechi 66. Msimu uliofuata alicheza mechi 22 tu.

Wengi husema kanuni ndiyo iliyommaliza. Ujanja wake ulikuwa kuupiga mpira udunde kwanza ndani ya mstari, kisha upotelee pembeni walinzi wakiukimbiza. Mwaka 1877 mpira wa aina hiyo ukaanza kuhesabiwa kuwa umetoka nje ya mstari. Sawa, lakini mwaka huohuo Barnes aliugua homa ya vipindi, ile ya kuja na kuondoka, na klabu ikamkata mshahara. Akashtaki. Akashindwa.

Hapo ndipo swali lenu liliponichoma. Nilipokuwa karani wa ghala moja, malaria ilinilaza masika yote. Mchana wa jua kali natetemeka chini ya blanketi, jioni jasho, kesho yake mzima kabisa hadi majirani wanadhani nategea, keshokutwa tena nimelala. Niliporudi na cheti cha daktari, mkuu wangu alikisoma pande zote mbili, hata upande usio na maandishi, akakikunja vizuri, akanirudishia. Bahasha ya mwisho wa mwezi ilikuwa nyepesi. Nikauliza. Akasema ghala halilipi waliolala. Na wenzangu, ambao wote wanaijua homa hiyo, waliinamisha vichwa kwenye madaftari yao!

Turudi kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli, ulioko Cooperstown, Marekani. Sharti la ukumbi ule ni misimu 10. Barnes, ukijumlisha na ya Boston, ana tisa. Addie Joss, mrushaji mpira, naye alikuwa na tisa, akafariki 1911 kabla ya wa kumi, wakamlegezea sharti na kumwingiza 1978. Nilikusudia kudai Barnes alegezewe vilevile. Lakini Barnes alipona. Alicheza tena 1879 na 1881, makali yale hayakuonekana. Joss hakuipata nafasi hiyo. Basi Barnes abaki nje, angalau asiingizwe kwa kuonewa huruma. Mwenye hoja ya uchezaji wake aitoe, nitamsikiliza.

Mshahara wake, hata hivyo, walipaswa kumlipa.