Chai ya baada ya isha ndo ilonitoa gego

Juzi nlikuwa kwa shoga yangu hapa Langoni, nakuta mtoto wake wa miaka saba amelala ubavu kwenye mkeka, shavu limefura, ametiwa karafuu na kitambaa kimefungwa hadi utosini, mamake aniambia "ah, ni meno ya utotoni hayo, yataanguka tu." Nkamwambia mlete hapa mlangoni penye mwanga, afunue mdomo. Nkahesabu kutoka katikati kwenda nyuma, moja mbili tatu nne tano, na lilotoboka ni la sita. La sita si la utotoni kabisa. Hilo likiondoka haliji lingine mpaka kufa kwake.

Nimejua haya kwa njia ya tabu ndo maana nayaandika. Mi nna miaka 41 na nna pengo chini upande wa kulia, pale pale la sita. Nkicheka halionekani lakini nkila bajia au mkate wa mofa chakula chaenda chakaa pale, na jino la nyuma yake limeanza kulalia mbele, la juu nalo lashuka kidogo kidogo kwa vile halina la kulizuia. Nlipong'oa nlidhani nimemaliza shida, hakuna alonambia ukitoa moja majirani zake nao wahama.

Na si eti nlikuwa sipigi mswaki. Nlikuwa napiga kila asubuhi, tena kwa nguvu, nikidhani nguvu ndo usafi. Lakini usiku, hapana. Maisha ya hapa mwayajua: watu wasali isha, wala, halafu ndo mazungumzo yaanza, birika ya chai ya maziwa na iliki yawekwa katikati na sukari imekolea, kuna kashata, kuna kaimati zilobaki, mtu akitoka mjini na halwa basi ndo kabisa, mwakaa mwanywa kidogo kidogo mpaka saa tano, halafu kila mtu aenda kulala na utamu wake mdomoni. Mi nimefanya hivyo tangu msichana.

Gego lilianza na kuingia ganzi nkinywa maji baridi. Nkanyamaza. Likaja kuuma usiku tu, nkaweka karafuu, ikatulia, nkasema limepona. Miezi nane nimekaa na karafuu jamani. Karafuu yatia ganzi kweli, siikatai, lakini shimo liko pale pale lachimba, umelinyamazisha tu. Ikafika usiku mmoja wa Ramadhani, wakati wa daku, siwezi hata kumeza mate, asubuhi nkaenda hospitali nkaambiwa limeoza mpaka ndani kwenye mshipa, lilipokuwa shimo dogo lingezibwa, sasa ni kung'oa.

Yule daktari wa meno, Mungu ambariki, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, kitu cha mwisho kuingia mdomoni usiku ni nini?" Nkamwambia chai. "Na mswaki?" Asubuhi. Akanieleza taratibu na mpaka leo sijasahau. Mdomoni mna vijidudu, ndo vile vilivyomo kwenye ukoga, ule utelezi wa kimanjano unaoukwangua na ukucha. Ukila tamu, vyaila pamoja nawe na vyatoa asidi, na hiyo asidi ndo yala jino. Mate yako ndo dawa, yaosha, yapunguza ile asidi, lakini yahitaji kama nusu saa au zaidi kumaliza kazi. Sasa mtu anywaye kikombe kimoja akamaliza, meno yake yapata kupumzika. Anywaye kidogo kidogo saa tatu nzima, kila funda laanzisha asidi upya. Kwa hivyo sukari ni ngapi ni jambo moja, lakini ni mara ngapi ndo jambo kubwa zaidi. Na ukilala mate yapungua sana, ndo maana mtu aamka mdomo umekauka. Yani vijidudu vyapata chakula usiku kucha na mlinzi hayupo.

Hapo ndo nlielewa kwamba mswaki wa asubuhi ni mzuri lakini ule wa usiku ndo wenye kazi. Ukiweza mmoja tu kwa siku basi uwe wa usiku, ingawa ni miwili inayotakikana.

Sasa nifanyavyo mimi. Chai bado nanywa, siwezi kudanganya watu hapa, lakini nanywa pamoja na chakula, namaliza, birika yaondoka. Mazungumzo yakiendelea mimi ni maji, au kahawa tungu bila kitu cha kusindikizia. Kabla ya kulala napiga mswaki dakika mbili, na dakika mbili ni refu kuliko mnavyodhani, tizameni saa mara moja mtaona. Mswaki uwe laini, ile migumu yakwangua fizi mpaka mizizi ya meno ikawa nje. Naulaza kidogo, nusu kwenye jino nusu kwenye ufizi, nazungusha polepole, nje, ndani, halafu pale juu pa kutafunia. Ndani upande wa ulimi kwenye meno ya chini mbele ndo watu wapasahau, na hapo ndo ukoga waganda ukawa mgumu kama chokaa, ukifika hapo mswaki hautoi tena, ni daktari akukwangue. Namalizia na ulimi. Mswaki nabadilisha kila miezi mitatu, au mapema nyuzi zikishalala.

Halafu kuna hili ambalo kila nkimwambia mtu ashtuka: ukimaliza TEMA, usisukutue na maji. Dawa ya meno ina floraidi, ndo yenye kulipa jino nguvu, ukisukutua na kikombe kizima umeimwaga yote. Tema povu ulale. Siku za kwanza utaona vibaya, wiki ya pili huhisi tena. Na ukinunua dawa soma nyuma ya boksi, tafuta floraidi isiyopungua ppm 1000 (ppm ndo kipimo chake), za watu wazima nyingi ni kama 1450. Nyingine zanukia vizuri mno na floraidi hazina.

Kuhusu mswaki wa mti, kuna vijana wauona wa kizamani. Msiudharau. Nyanyangu hakushika mswaki wa plastiki maisha yake, kila akitia udhu mswaki u mkononi, atafuna ncha mpaka iwe nyuzi nyuzi, apitisha jino kwa jino juu chini bila haraka, ncha ikichakaa aikata na kisu akaanza mpya, na amekufa mzee sana atafuna pweza mwenyewe. Hata Shirika la Afya Duniani limeuhimiza. Lakini tuseme na ukweli wote, nyanya hakuwa na soda wala biskuti za kila saa, na mti hauna floraidi ya kutosha, na kwenye magego kwa ndani ni shida kufika. Mimi nautumia mchana kwa sunna na kwa usafi, usiku natumia ule wa dawa. Vyote viwili vyaenda pamoja.

Ramadhani ndo mwezi wa kuangalia sana, manake tamu zote zahamia usiku, tende, kaimati, visheti, sharubati, na sisi wengi twafuata kwamba aliyefunga kupiga mswaki baada ya adhuhuri haipendezi. Basi piga baada ya daku kabla ya adhana, usikubali usingizi ukushinde. Dakika mbili zile zakubeba siku nzima.

Embe mbichi na pilipili, ukwaju, ndimu, hivi si sukari lakini ni vikali, vyalainisha jino juu juu. Ukila usikimbilie mswaki hapo hapo, sukutua maji, ngoja kama saa moja.

Fizi nazo. Ukiona damu kwenye mswaki wengi wetu twaacha kupiga pale panapotoka damu, mi nlifanya hivyo mimba ya pili, fizi zilivimba nkaambiwa eti mtoto avuta chokaa ya meno yangu. Si kweli, mtoto havuti chochote menoni. Ni homoni za mimba zafanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, na ukoga ukikaa pale ndo damu yatoka. Dawa ni kupiga pale pale, kwa upole, kila siku. Baada ya wiki moja mbili yapungua. Isipopungua nenda ukaonwe, na wenye ugonjwa wa sukari msisubiri hata hizo wiki mbili, fizi zenu zaharibika upesi.

Na nyinyi vijana wa kuberi, ile tumbaku ya mdomoni, na popoo, nawaomba kama dada yenu, popoo yaleta saratani ya mdomo hata bila tumbaku, hili limethibitishwa. Ukiona baka jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona wiki mbili, usikae nacho.

Turudi kwa watoto, manake huko ndo roho yangu iko. Jino likitokeza tu, anza mswaki. Chini ya miaka mitatu weka dawa kama punje ya mchele, mitatu hadi sita kama punje ya mbaazi. Na usimwachie apige mwenyewe ukasema amejua, mpaka miaka saba minane mkono wake bado hauwezi, mpigie wewe. Mi namsimamisha wangu mbele yangu, kichwa amenilalia kifuani, naona kila kitu. Chupa ya maziwa ya sukari ya kulalia nayo tuiache, yaozesha meno ya mbele kabla mtoto hajajua kusema. Na mabuyu ya rangi siwakatazi, lakini wale wamalize, si mfuko mmoja kutafunwa tangu madrasa mpaka magharibi.

Akifika miaka sita, chungulia nyuma. Gego la kwanza la ukubwani laja kimyakimya nyuma ya yote, hakuna jino linaloanguka kulipisha, ndo maana mzazi hajui kama limekuja. Nalo laja na vijishimo juu, chakula chaingia chakaa.

Yule mtoto wa shoga yangu tulimpeleka siku ile ile, manake shavu likishafura si la kungoja kesho, na likiwa na homa au mtoto hawezi kumeza ni mbio kabisa. Usaha ulikuwa ushaingia kwenye mfupa, limeng'olewa. Alilia, mamake alilia zaidi. Nduguye mdogo ana miaka minne, kila upande ana matano bado, meupe yote. Mamake sasa ampigia mswaki yeye mwenyewe kila usiku na Ijumaa amuweka mlangoni penye mwanga amuhesabia, na juzi amenitumia sauti usiku saa nne, nasikia mtoto alalamika kwamba povu lawasha na yeye amwambia tema baba, tema, maji hakuna.