Kabla ya kuilaumu mizani, tazama atomu za shaba zimekaaje

Nilipopima usumaku wa asetati ya shaba kwa mizani ya usumaku kwa mara ya kwanza, katika joto la kawaida la chumba, nilipata magnetoni za Bohr (kizio cha usumaku wa atomu) 1.4 kwa kila atomu ya shaba. Nikajua nimekosea. Shaba yenye chaji mbili ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na spini yake (usumaku wa asili wa elektroni, unaoelekea juu au chini) peke yake inatosha kutoa 1.73, kwa kawaida mtu hupata 1.8 na kuendelea. Nikamwaga unga, nikausaga upya kwenye kinu, nikaujaza tena kwenye mrija nikiugongagonga mezani taratibu ili usiache mapengo. 1.4. Nikarudia mara ya tatu: 1.4.

Vipimo vilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kupima kitu ambacho sikujua kimejengwaje. Katika asetati hiyo atomu za shaba hukaa mbilimbili, zikitazamana kwa umbali wa angstromu 2.64 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), zimeshikwa na asetati nne kama mbao za gurudumu la maji, na kila upande wa nje kuna molekuli moja ya maji. Elektroni mbili za jozi hiyo hupingana kupitia madaraja ya asetati, spini moja juu, nyingine chini, na usumaku wao hufutana. Joto la chumba huvunja upinzani huo katika baadhi ya jozi, ndiyo maana usumaku hupungua bila kuisha. Ukizidi kupoza, suseptibiliti (kiasi ambacho unga huitikia sumaku) hupanda hadi karibu na kelvini 255, kisha huporomoka. Wanafizikia Bleaney na Bowers waliliona jambo hili mwaka 1952 kwa kutumia resonansi ya spini za elektroni (EPR), wakasema lazima shaba ziwe jozi. Mwaka uliofuata muundo uliopatikana kwa eksirei ukawathibitisha. Hadithi hiyo bado hunisisimua.

Kwa hiyo, ukiwa na changamano jipya la shaba (kiwanja ambamo shaba imezungukwa na molekuli au ioni zilizoshikamana nayo), tafuta fuwele nzuri na upate muundo wake kabla hujagusa programu ya kukokotoa J, yaani kipimo cha nguvu ambayo spini mbili huathiriana. Halafu usitosheke na umbali kati ya shaba na shaba. Pima pembe ya daraja, yaani ile iliyo kwenye atomu inayounganisha shaba mbili. Kwa jozi zilizounganishwa na haidroksili (OH) mbili, wanakemia Hatfield na Hodgson walionyesha kwamba pembe ikizidi nyuzi 97.5 spini hupingana, ikiwa chini yake huelekea upande mmoja. Nyuzi chache tu hugeuza tabia yote! Lakini usiihamishe kanuni hiyo kwenye madaraja ya aina nyingine. Ni ya familia ile.

Tazama pia daraja linaingilia wapi. Shaba hii hupenda kujivuta: vifungo vinne vifupi, karibu angstromu 2, na kimoja au viwili virefu vya 2.3 au zaidi. Elektroni isiyo na mwenzake hukaa kwenye bapa la vile vinne. Daraja likiunganisha kifungo kifupi cha atomu moja na kirefu cha nyingine, spini karibu hazisikilizani, hata kama kwenye picha molekuli zinaonekana zimekumbatiana.

Marekebisho ya diamagnetiki, yaani ya msukumo mdogo wa elektroni zenye wenzake dhidi ya sumaku, yafanye, hayachukui muda.

Mkia wa baridi, yaani mwisho wa mchoro wa suseptibiliti kwenye joto la chini, ndio ulionisumbua zaidi. Suseptibiliti ya jozi zinazopingana inatakiwa kufikia karibu sifuri, lakini chini ya kelvini 20 mstari wangu ulipinda ukapanda tena. Nilipoteza wiki mbili nikibuni mwingiliano kati ya molekuli na molekuli. Kumbe palikuwa na shaba pekepeke kidogo, isiyo na jozi, iliyobaki kwenye unga. Niliyeyusha sampuli yote, nikaiacha ijenge fuwele upya polepole, nikachagua kwa kibano zile safi tu chini ya hadubini. Mkia ukafifia. J haikusogea.